Shubiri na Pakanga: Daftari la Mfamasia Safarini

Mombasa

Mama mmoja aliingia duka la dawa ninalofanyia kazi, saa nane ya mchana, mtoto mgongoni kalegea. Akafungua kiganja. Mlikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa, na ndani ya gazeti unga wa rangi ya udongo. "Nimempa huu tangu jana," akasema. Nikamwuliza unaitwaje. "Dawa ya tumbo." Ni mti gani? "Aliyeniuzia hakunambia." Niliunusa, nikausugua kati ya vidole, nikauonja kwa ncha ya ulimi na kuutema. Sikuujua.

Mtoto alikimbizwa hospitali akapona, alhamdulillahi. Mimi ndiye niliyebaki na maumivu. Nimesoma famasia miaka mitano, nimeuza dawa miaka 16, na siku ile nilishindwa kumjibu daktari swali moja tu aliloniuliza kwa simu: amekunywa nini?

Kwa hiyo nilipopelekwa London kwa mafunzo ya majuma matatu, niliomba likizo ya siku kumi mwishoni, nikajipangia safari yangu mwenyewe: Uingereza, Ujerumani, Italia. Nilitaka kuona walivyokuwa wakitibiana kwa miti katika karne ya 16 na ya 17, kabla ya vidonge na sindano, na nilitaka kujua walijinasuaje na unga usio na jina. Nilinunua daftari, nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto nikaandika "kwao", kulia "kwetu".

Siku moja kabla ya kuondoka nilimpitia mzee mmoja muuza dawa, jirani na soko la Marikiti. Shikamoo. Marahaba, karibu mwanangu. Kibanda chake hakizidi hatua nne, na mikebe ya maziwa ya unga imepangwa mpaka darini. Hakuna hata mmoja wenye maandishi ya kilichomo. Nikamwomba anitajie safu ya katikati nami niandike. Akanyoosha fimbo: sanamaki, shubiri, manemane, mvuje, habasoda, ubani, kungumanga, basibasi, zafarani. Hakufungua mkebe hata mmoja. Nilijaza safu ya kulia ya ukurasa wa kwanza, nikafunga begi.

London

Kusini ya mto Thames, mtaa wa Southwark, kuna kanisa la zamani la St Thomas. Chini ya paa lake mna dari la mbao ambamo hospitali iliyokuwa jirani ilihifadhia mitishamba yake. Siku hizi ni makumbusho. Unapanda kwa ngazi nyembamba ya kuzunguka, bega linagusa ukuta huku na huku, na ukifika juu pua inakupeleka nyumbani kabla jicho halijazoea kiza. Ilikuwa harufu ya Marikiti, ile ya majani makavu, gome, utomvu na vumbi la viungo. Mafungu yananing'inia kwenye boriti. Chini ya mbao za sakafu yalipatikana matumba makavu ya mpopi, mmea wa kasumba, yaliyosahauliwa pale na watu wa dawa wa zamani.

Nilikaa kwenye benchi nikaanza kujaza safu ya kushoto, na hapo ndipo daftari liliponigeuka. Nilikuwa nimekusudia kuandika tofauti. Kila nilichoandika kilikuwa na pacha wake upande wa pili. Sena ya Waingereza ni sanamaki yetu, na jina lao na letu yametoka Kiarabu kimoja, sana ya Makka. Ndiyo hiyohiyo ninayoiuza mimi leo kwa vidonge kwa mtu aliyefunga choo. Uzani wao ulikuwa wakia, neno lililotokana na *uncia* ya Kirumi likapita kwa Waarabu mpaka likatufikia, ila wao waliikata wakia vipande vidogo mno: madirhamu manane, kila dirhamu sehemu tatu, kila sehemu punje 20. Dawa ambazo hazikuhitaji mizani walizipima kwa mkono. *Manipulus* ni konzi moja. *Pugillus* ni kiasi kinachobanwa na ncha za vidole vitatu. Bibi yangu alipima vivyo hivyo, na hakuwahi kusikia Kilatini.

Lakini kilichonitoa pumzi ni ugonjwa wa magoti. Kwenye maelezo ya ukutani walikuwa wamechora duara la ile elimu ya tiba iliyotawala Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu, ya Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki ambaye Waarabu humwita Jalinus: mwili una maji manne, yaani damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kila moja lina tabia mbili kati ya nne, moto au baridi, majimaji au ukavu. Afya ni mizani ya hayo manne. Kila jani nalo lilipewa daraja: hili ni la moto daraja ya pili, lile ni kavu daraja ya tatu. Nyongo nyeusi, wakasema, ni baridi na kavu.

Baridi na kavu. Baridi *yabisi*. Nililisoma duara lile mara tatu. Mzee wa kwetu akishindwa kuinuka kwenye mkeka husema ana baridi yabisi, nasi wauza dawa tunamkabidhi mafuta ya kuchua bila kujiuliza maneno hayo yametoka wapi. Yabisi ni ukavu, kwa Kiarabu. Anaposhika goti lake na kulalamika, mzee yule anazungumza Galen. Hata safura, ambayo sisi leo tunaijua kama ugonjwa wa minyoo unaomaliza damu na kumpausha mtu, katika vitabu vya Waarabu ni ile nyongo ya manjano. Vitabu vya Kigiriki vilitafsiriwa Baghdad. Tabibu Ibn Sina akavipanga katika Qanun, kitabu chake cha tiba. Qanun ikatiwa Kilatini karne ya 12 na kufundishwa vyuoni Ulaya hadi karne ya 17. Tawi jingine likashuka na majahazi mpaka kwetu. Ni mti mmoja.

Siku iliyofuata nilipita haraka Blackfriars, kwenye jumba la chama cha watengeneza dawa wa London. Nembo yao ina faru juu yake! Nilisimama barabarani nikimtazama, mnyama wa Tsavo juu ya mlango wa Kiingereza. Pembe yake nayo ilikuwa dawa. Mpaka mwaka 1617, Mfalme James I alipowapa hati yao, watu hawa walikuwa katika chama kimoja na wauza viungo. Kwa mzee wa Marikiti hawajaachana bado: iliki ya chai na sanamaki ya tumbo ziko rafu moja.

Chelsea

Bustani ya dawa ya Chelsea ilianzishwa na chama hichohicho mwaka 1673 kandokando ya Thames, ili vijana wanaojifunza kazi waijue mimea ikiwa hai, na si ikiwa unga tu. Mwaka 1722 tabibu tajiri Hans Sloane, aliyekuwa ameinunua ardhi ile, aliwaachia kwa kodi ya pauni tano kwa mwaka, daima dumu, kwa sharti kwamba kila mwaka wapeleke mimea 50 iliyokaushwa na kuandikwa jina kwa jumuiya ya wanasayansi, Royal Society, mpaka itimie 2,000.

Kwenye kitalu kimoja niliinama mbele ya kijiti chenye majani ya kijivu-fedha, laini kama sufi. *Artemisia absinthium*. Hii ndiyo pakanga tunayoisoma katika Biblia ya Kiswahili, ile nyota ya Ufunuo iliyoyatia maji uchungu. Nilivunja kipande cha jani, Mungu anisamehe na mtunza bustani pia, nikakiweka ulimini. Uchungu haukuja mara moja. Ulinyemelea kando ya ulimi, ukapanda nyuma, ukakaa kooni robo saa nzima.

Nikakumbuka mchezo wa *Romeo and Juliet* wa Shakespeare, tuliousoma shuleni. Mlezi wa Juliet anasimulia siku alipomwachisha binti yule ziwa: alijipaka pakanga kwenye chuchu, mtoto akaonja, akakasirika, akaacha. Darasani tulipita hapo mbio. Sasa, nimesimama na uchungu kooni, nikamwona mama yangu mdogo, kijijini Kwale, akijipaka shubiri kifuani, na binamu yangu wa miaka miwili akinyonya mara moja tu, akamtazama mama yake kwa mshangao kama mtu aliyesalitiwa. Sisi husema kitu ni kichungu kama shubiri. Shubiri nayo ilikuwa kwenye kila duka la dawa la London zama hizo, na iliyosifiwa kuliko zote ilitoka Sokotra, kisiwa ambacho majahazi ya kaskazi yalikipita yakija kwetu. Mwanamke wa Kiingereza na mwanamke wa Kidigo, bahari mbili katikati, hila moja.

Nicholas Culpeper aliweka pakanga chini ya nyota ya Mirihi. Huyu ndiye mtu niliyempenda kuliko wote safarini. Alizaliwa 1616, akafundwa kazi ya dawa, akafungua chumba Spitalfields, nje ya kuta za jiji, akiwatibu maskini. Zama hizo kitabu rasmi cha dawa cha London, kilichotolewa na chuo cha matabibu mwaka 1618, kilikuwa kwa Kilatini. Mgonjwa hakuweza kujua anachomezeshwa, na wengi waliokuwa wakichanganya dawa hizo Kilatini kiliwapiga chenga. Mwaka 1649 Culpeper alikitafsiri chote kwa Kiingereza, na mwaka 1652 akatoa kitabu chake cha mimea inayoota Uingereza kwenyewe, mitaroni na vichakani, cha bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Matabibu walimtukana. Alifariki Januari 1654, hajatimiza miaka 38, na kitabu chake hakijawahi kuacha kuchapwa.

Ndani yake kila mmea una nyota yake: mnanaa ni wa Zuhura, upupu wa Kizungu ni wa Mirihi, zafarani ni ya jua na huchangamsha moyo. Wenzangu wa famasia watacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nimewaona walimu wa kwetu wakipiga falaki ili wajue nyota ya mgonjwa kabla ya kumwandikia kombe kwa hiyohiyo zafarani na marashi ya waridi. Habari za nyota simfuati Culpeper. Namfuata katika ile kazi nyingine: alichukua maneno yaliyofungiwa kwenye lugha ya wachache akayatoa sokoni.

Kuna mwingine wa Chelsea. Mume wa Elizabeth Blackwell alifungwa kwa madeni. Mkewe akapanga karibu na bustani hii, kila asubuhi akachora mimea yake, akaichonga mwenyewe kwenye shaba, akaitia rangi kwa mkono, picha 500, zikitolewa nne nne kati ya 1737 na 1739. Mume naye, gerezani, alimsaidia majina kwa lugha mbalimbali. Fedha za kitabu zikamtoa. Mtu aliyekuwa na kitabu kile mezani angeweza kuweka jani lake kando ya picha na kusema ni hili, au si hili. Niliandika hayo kwenye safu ya kushoto. Safu ya kulia nikaiacha tupu. Ilikuwa mara ya kwanza.

Heidelberg

Niliteremka Heidelberg kwa ajili ya chombo kimoja tu. Ndani ya ngome ya zamani juu ya mto mna makumbusho ya dawa ya Ujerumani, na katika makumbusho hayo mna chombo cha karne ya 18 kilichoandikwa MUMIA.

Sisi wa pwani tulilelewa na neno hilo. Ikifika magharibi, bibi alitoka uani akatuita kwa sauti: ingieni ndani, mumiani wasije wakawachukua. Mumiani walikuwa watu wa usiku wanaokamata watu, kuwanyonga na kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Dawa yenyewe ilikuwapo kweli: kitu cheusi kama lami, kikiletwa kutoka Uajemi, kikayeyushwa ndani ya samli kwa mtu aliyevunjika mfupa. Watu waliamini ile nyeusi ni damu ya binadamu iliyoganda. Nilipokuwa chuoni niliiita hadithi ya kutishia watoto.

Mbele ya kile chombo nilijirudi. Kwa Waajemi na Waarabu mumia ilikuwa lami inayochuruzika miambani. Watafsiri wa Ulaya waliichanganya na ile lami iliyodhaniwa kuwamo kwenye maiti za Misri zilizokaushwa, kisha jina likahama kutoka kwenye lami likatua kwenye maiti yenyewe. Basi karne ya 16 na ya 17 maiti za Misri zilichimbuliwa, zikasafirishwa, zikasagwa, na unga wake ukauzwa Ulaya kwa wenye kuanguka, wenye kuvuja damu ndani, wenye kifua. Mahitaji yalipozidi, wafanyabiashara wakakausha maiti za juzi na kuziuza kama za mafarao. Mpasuaji mkuu wa Ufaransa, Ambroise Paré, aliandika mwaka 1582 kuikataa dawa hiyo, akiwa ameshaona kwamba haimsaidii mtu. Haikukoma. Mfalme Charles II wa Uingereza mwenyewe alikuwa na matone yake yaliyokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye fuvu la mtu.

Nilikaa juu ya ngazi ya mawe nje, mto Neckar ukipita chini. Bibi hakuwa na kisomo, na watu wa pwani waliokuwa wakinong'ona habari za mumiani walidharauliwa kwa ujinga wao. Lakini kiini cha khofu yao, kwamba duniani kuna watu wanaofanya dawa kwa miili ya wenzao na kuiuza, kilikuwa kweli. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye chombo kizuri cha duka. Na chanzo chake ni jina lililoacha kitu kimoja likashika kingine, bila mtu wa kuuliza.

Humohumo nilikutana na mvuje. Wajerumani huuita kinyesi cha shetani, na harufu yake huwapa haki. Ulaya waliupeleka puani mwa mwanamke aliyezimia, wakiamini uvundo utarudisha chini tumbo la uzazi lililopanda. Kwetu unashonewa kitambaa na kufungwa mkononi mwa kichanga ili jini na jicho la husuda vikae mbali. Kwa wote wawili, kazi ya uvundo ni kufukuza.

Padua

Bustani ya Padua ni ya mwaka 1545, iliamuliwa na baraza la Venice, na bado iko palepale ilipopandwa. Ni duara ndani ya ukuta, duara limegawanywa robo nne. Mkindu mfupi uliopandwa 1585 bado unaishi, ndani ya nyumba yake ya kioo.

Hapa ndipo nilipopata nilichokuja kukitafuta. Chuo cha Padua kiliweka somo la mimea ya dawa mwaka 1533, na mwalimu wake wa kwanza, Francesco Bonafede, ndiye aliyeishikilia hoja ya bustani. Waliziita *simplici*, dawa ya mmea mmoja peke yake, kabla haujachanganywa. Shida yao ilikuwa shida yangu ileile. Majina yalirithiwa kutoka vitabu vya Kigiriki na Kiarabu, wafanyabiashara walileta mizizi iliyokauka, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba mzizi huu ndio ule wa kitabuni. Walidanganywa, wakakosea, wagonjwa wakafa. Jibu lao halikuwa kuwafukuza wauza mitishamba. Walipanda kila mmea mahali pake, wakaupa jina, wakawaleta wanafunzi wausimamie mbele ukiwa mche, ukiwa na ua, ukiwa na mbegu. Mimea ilikuwa na thamani kiasi kwamba wezi waliingia usiku, na ndiyo sababu ya ule ukuta.

Msimamizi mmoja wa bustani hii, Prospero Alpini, alikaa Misri miaka michache kisha mwaka 1592 akachapisha kitabu cha mimea ya huko. Ndani yake ndimo jina *bahobab* lilimoingia kwenye maandishi ya Ulaya: tunda aliloliona Cairo. Mbuyu wetu! Nikawaza mabuyu ya Mombasa, mekundu ya sukari na pilipili, tunavyoyanyonya mpaka midomo ikawa kama imepakwa rangi, nikatamani niwe nayo mfukoni.

Sokoni, chini ya lile jumba kubwa la mahakama ya zamani, nilimwuliza mama muuza viungo jina la karafuu. "Chiodi di garofano," akasema, misumari ya *garofano*. Garofano, qaranful, karafuu: ndugu wa shina moja, na yeye na mimi tukalirudia neno mara kadhaa, kila mmoja kwa lake, tukicheka. Hata hivyo karafuu ya tabibu wa karne ya 17 haikutoka Unguja. Ilitoka visiwa vya Maluku. Ya Unguja ilipandwa karne ya 19.

Venice nilikwenda asubuhi nikarudi jioni. Karibu na daraja la Rialto bado kipo kichwa kinachoitwa cha dhahabu juu ya lililokuwa duka la dawa, lililosifika kwa theriaka, ile dawa ya kila sumu iliyochanganywa viambato zaidi ya 60, nyama ya nyoka na kasumba vikiwamo. Waliipika hadharani, mbele ya wakaguzi na umati, ili kila mtu aone kinachotiwa.

Mombasa

Nilirudi kwa mzee siku ya tatu. Nikamsimulia mengi. Mumia ilimfanya avue kofia, aishike mapajani, anyamaze. Pakanga aliijua kwa uchungu wake kabla sijamaliza kuieleza.

Nikaomba sanamaki wakia mbili. Akapima kwenye mizani yake ya shaba, akachana gazeti, akakunja. Nilimwomba kalamu nikaandika juu ya karatasi: sanamaki, majani, wakia mbili, tarehe. Akaichukua, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wenye umri wake, akaisoma polepole. Kisha akauteremsha mkebe mmoja wa safu ya juu, akaufunua, akaniwekea mbele. Vijiti vyekundu, vyenye harufu ya udongo uliolowa.

"Huu andika majina mawili," akasema. "Watu wa Pate wana lao, Wapemba wana lao."

"Na ni mti mmoja, mzee?"

Akachukua kijiti, akakivunja, akanusa sehemu iliyovunjika, akanipa. Akachukua kingine kutoka chini ya mkebe, akavunja, akanusa, akakunja uso. Akavilaza viwili hivyo kwenye kiganja chake, kando kwa kando, akavisogeza mlangoni kwenye mwanga. Adhana ya alasiri ilitukuta tukiwa bado tumeinamia kiganja kile.